Mliopasuliwa mkafuatiliwa kwa meseji, tupeane uzoefu

MwanaKisauni
Shangazi yangu katolewa kidole tumbo wiki hii. Jana meseji imeingia: "Unaendeleaje? Jibu SAWA au SHIDA." Kajibu SHIDA kwa sababu ya kikohozi, muuguzi akampigia, akamwelekeza abane mto tumboni kila akitaka kukohoa. Nimefurahi sana. Wenzangu, nyinyi yalikwendaje?

TangawiziKavu
Mimi pia nilitumiwa. Inatia moyo.

Mtongwe4Life
Umenikumbusha mbali. Wifi yangu alijifungua kwa kisu. Siku ya kuruhusiwa, karani akaandika laini ya kaka yangu kwa kuwa ndiye aliyelipa. Kaka anaendesha trela, wakati huo yuko njia ya Malaba. Meseji zikawa zinamkuta huko, na yeye anajibu SAWA, maana kila akimpigia mkewe anaambiwa "niko sawa, wewe angalia barabara." Kumbe mwanamke ana homa, mshono mwekundu, unatoa maji yenye harufu. Kumwambia mumewe anaona haya, na mamake anamwambia homa hiyo ni maziwa yanaingia.

Nikaenda kumtazama mtoto. Alipofunua leso nikaona mshono umeachana. Usiku ule ule tukachukua tuktuk, tunafika kivukoni, feri ndiyo kwanza inaondoka. Mtoto analia, mama anatetemeka hadi meno yanagongana. Watu waliokuwa kwenye foleni, Mungu awalipe, walitupisha mbele. Hospitali wakamwosha kidonda, wakamtundikia dawa, akalazwa.

Kinachoniuma hadi leo: kwenye kompyuta yao alikuwa anasomeka mzima. Majibu yote SAWA. Hakuna aliyedanganya, na mgonjwa mwenyewe hakuulizwa hata mara moja.

TangawiziKavu
Ya Rabi. Mtoto yuko salama?

Mtongwe4Life
Alhamdulillahi, wote wawili.

BabaMapacha
Lakini msitutupie waume lawama. Simu ya mke wangu ilikuwa imekufa skrini. Bila laini yangu asingefuatiliwa kabisa.

Mtongwe4Life
Ndugu yangu, nani kakulaumu? Waandike laini mbili, ya mgonjwa kwanza.

BintiMakupa
Laini mbili ndiyo balaa. Mimi nilitolewa uvimbe kwenye kizazi, meseji ikaingia kwa shemeji ikiwa imetaja kila kitu. Ukoo mzima ukajua. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019. Waandike salamu tu, ugonjwa wauache.

BabaMapacha
Salamu tu kutoka namba ngeni? Mimi nitajua ni wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii", nafuta.

BintiMakupa
Basi wakuonyeshe hiyo namba kabla hujatoka wodini, uihifadhi.

KasaTu
Nyanyangu hajui kusoma, na meseji ilikuja kwa Kizungu. Pigeni simu, yaishe. Na kidonda mwageni maji ya chumvi, kitakauka.

ZamuYaUsiku
@KasaTu, tafadhali usimwambie mtu hivyo. Kidonda cha upasuaji kinatunzwa kama alivyoelekezwa na waliompasua.

Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji. Huo mtindo wa SAWA au SHIDA una historia hapa kwetu. Utafiti wa wagonjwa wa VVU uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2010 ulifanyika Nairobi na Kajiado: kila wiki meseji "Mambo?", asiyejibu ndani ya saa 48 anapigiwa simu. Waliotumiwa walishika dawa vizuri kuliko wenzao. Lakini kwa mshono "Mambo?" haitoshi, maana Mswahili ukimuuliza mambo atakujibu poa hata akiwa anaungua. Uliza kitu kimoja kimoja: una homa? panatoka usaha? maumivu yanazidi? Na muulize kwa muda, kidonda kinaweza kuingia wadudu hata ndani ya siku 30. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, usingoje meseji ya mtu. Njoo.

MwanaKisauni
Asante dada. Je, yule asiyejibu kabisa mnafanyaje?

ZamuYaUsiku
Huyo ndiye tunayempigia wa kwanza.

KasaTu
Na kujibu kunakata kredo?

ZamuYaUsiku
Kwetu hapana. Kwingine uliza kabla hujaondoka.