Naomba ushauri: hadithi za Waojibwe kwa watoto wetu

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Minneapolis, Marekani, ardhi ya Wadakota, na Waojibwe nao ni majirani zetu; wote ni wenyeji wa asili wa huku. Kila Jumamosi nawasomea watoto wa familia zetu, na sasa nataka wasikie vitabu vilivyoandikwa na wenyeji wenyewe. Nimejifunza kwamba hadithi za Nanabozho, yule mhusika mjanja wa masimulizi ya Waojibwe, husimuliwa wakati wa theluji tu. Nikamkumbuka bibi, aliyetukataza hadithi za mchana. Je, kitabu nacho kingoje theluji?

Linaloniumiza zaidi ni zile shule za bweni za zamani, ambako watoto wa wenyeji hawa walitenganishwa na wazazi na kuadhibiwa kwa kusema lugha yao. Binti yangu wa miaka 14 anaweza kulibeba. Mdogo wake ana 6. Nimwambieje bila kumtisha? Mliolea watoto huku, nisaidieni.