Kauri yenye grafini: waanze kuwawekea watu mfupani au bado?

Fundi Mifupa: Wakuu, mfupa ukipoteza kipande daktari mara nyingi anachota mfupa wa nyonga yako ndo anaziba. Mbadala upo, haidroksiapatiti, kauri (ngumu kama ya vikombe) ya kalsiamu na fosfeti inayofanana na madini ya mfupa wenyewe, mwili unaipokea vizuri ila inapasuka kirahisi. Sasa wanachanganya na grafini kidogo tu, yaani kaboni nyembamba mno, ufa ukianza unakutana na vile vipande vyembamba unakwama. Mi naona wajaribu kwa watu.

Chausiku: Grafini si ndo ile walisema imo kwenye chanjo ya korona? Sitaki.

Wa Maabara: Dada huo uzushi wa 2021 usitupotezee muda. Ni kaboni tu, tabaka moja la atomu, wanafizikia Geim na Novoselov waliibandua na selotepu pale Manchester 2004, wakapata Nobeli 2010.

Chausiku: Usinifokee. Masizi nayo kaboni, utayavuta? Nachouliza ikishaingia mfupani inatokaje.

Bi Mkubwa: Mi hilo neno "anachota" limeniuma. Nilichotwa mimi. Mguu ulipona mapema, nyonga ndo ikabaki inauma, nikigeukia ubavu ule usiku naamka. Wanaosema tusubiri hawajachotwa.

Nesi K: Pole sana mama. Ila nyonga za bandia za chuma kwa chuma nazo zilisifiwa, zile za aina ya ASR zikaja kuondolewa sokoni 2010, vumbi la kobalti na kromiamu limeshaharibu nyama za watu. Dada kauliza la maana, panya wakidungwa grafini kwenye damu inakutwa mapafuni, kwenye ini, kwenye wengu.

Wa Maabara: Kwenye damu!! Hapa imeshikwa ndani ya kauri. Halafu chembe nyeupe za damu zina kimeng'enya kinachoivunja, imeonekana maabara.

Nesi K: Maabara sio mwilini mwa mtu miaka ishirini. Na usinipigie kelele, hao wa nyonga nimewafunga vidonda mimi.

Fundi Mifupa: Jamani turudi kwenye kauri

Bi Mkubwa: Kauri gani na mgonjwa mwenyewe haulizwi? Mi fomu nililetewa niko kwenye machela, naambiwa weka sahihi hapa, hata nyonga haikutajwa.

Chausiku: Hawakukutajia kabisa mama??

Bi Mkubwa: Kabisa. Nimeamka ndo naona bandeji mbili.