MREJESHO: Kioo cha umeme kilichogoma kupanda

Wakuu, narudi kwenye ule uzi wa kioo cha dereva kilichokuwa kinashuka vizuri lakini kupanda kinaishia nusu. Shukrani kwa wote mliochangia.

Aliyesema nipime umeme huku kioo kinafanya kazi ndiye aliyelenga. Plagi ya mota ikiwa nje, mita inasoma volti 12.4 na unaweza kudhani kila kitu safi. Ikiwa imechomekwa na swichi imevutwa juu, zikashuka hadi 8. Mota ni nzima; umeme ulikuwa unapotelea kwenye swichi ya masta (ile ya mlango wa dereva inayoendesha vioo vyote).

Nilichomoa nyaya ya hasi kwenye betri, nikaifungua swichi juu ya taulo maana ndani kuna vispringi vinavyoruka. Pointi za kupandishia (vibati vinavyogusana kupitisha umeme) zilikuwa nyeusi tii, za kushushia bado zinang'aa. Msasa laini namba 1000, kidogo tu, kisha dawa ya kusafishia pointi. Sasa napata 11.6 na kioo kinafika juu bila kusukumwa na mkono.

Silikoni ya kulainisha kwenye raba za pembeni, kioo kinapopita, nayo imesaidia. Futeni vumbi kwanza kwa kitambaa kibichi, na msiweke grisi wala oili, raba itavimba.

Kilichogoma ni "auto", yaani kioo kupanda chenyewe hadi mwisho kwa kugusa swichi mara moja. Nimeshikilia swichi juu sekunde kadhaa baada ya kioo kufunga kama mlivyoelekeza, taa ya swichi bado inapepesa. Kwa sasa napandisha kwa kushikilia kidole hadi mwisho.