Naomba ushauri: vivutio vya Ujiji na Kigoma kwa familia yenye mzee na watoto

Msafiri wa Dodoma

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Familia yangu inakusudia kwenda Ujiji wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Mama yangu mzazi alizaliwa huko, akaondoka akiwa binti mdogo, na kwa miaka mingi amekuwa akitamani kuliona tena Ziwa Tanganyika. Tutakuwa na watoto wawili wa shule ya msingi, na tumepanga kukaa siku tano, tukiacha kando siku za safari yenyewe.

Kila ninayemuuliza ananijibu kwa neno moja tu, yaani Gombe, ile hifadhi ya sokwemtu. Sina shaka kwamba Gombe ni mahali pa kutembelewa, lakini mama hawezi tena kupanda milima, na sijui kama watoto wa umri huo wanaruhusiwa kuwafuata sokwemtu msituni. Ninaomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, ndani ya Ujiji na Kigoma penyewe kuna nini cha kumfaa mzee na mtoto kwa pamoja? Pili, je, Gombe inawezekana kwa sehemu ya familia huku wengine wakibaki mjini? Tatu, ni jambo gani ambalo wageni hulipita bila kuliona, na ambalo nyinyi mnaoishi huko mngependa walione?

Natanguliza shukrani.

Mkazi wa Ujiji

Karibu sana nyumbani, ndugu yangu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi.

Mgeni wa kawaida hufika Ujiji kwa bajaji kutoka Kigoma, akaingia kwenye makumbusho ya Livingstone, akapiga picha na zile sanamu mbili za wazungu wanaovuliana kofia, kisha akarudi hotelini kabla ya chakula cha mchana. Makumbusho hayo yanastahili kutembelewa, na waongozaji wake huieleza vizuri habari ya Novemba 1871, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone akiwa mgonjwa na ameishiwa mali. Miembe iliyopo hapo inasemekana kuwa ni machipukizi ya mwembe ule ule walikokutania. Lakini inaniuma kwamba mji uliokuwa mkubwa na wenye shughuli nyingi kabla ya watu hao wawili kuingia katika historia yake unakumbukwa kwa mazungumzo yao tu.

Ujiji ulikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kwihara karibu na Tabora, na hapo ndipo watu walipovuka ziwa kwenda Umanyema, upande wa Kongo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuwatangulia. Katika miaka ya 1870 aliyekuwa kiongozi wa wafanyabiashara hao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa pwani ya Mrima, na sokoni watu walinunua samaki, chumvi na mawese kwa shanga. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliotekwa walipita hapa pia wakiwa wamefungwa, wakianza safari ya miguu ya zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea baharini. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vyake.

Kwa hiyo, baada ya makumbusho, msiharakishe kuondoka. Tembeeni polepole katika mitaa ya zamani, ambako wazee wa Kimanyema bado wanakumbuka babu zao walivukaje ziwa, na mama yako akae nao barazani. Ikiwa ukoo wake una asili ya ng'ambo, huenda akapata jamaa kabla ya adhuhuri. Jambo hilo halimo katika kijitabu chochote cha utalii, nami naliona kuwa kivutio cha kwanza cha mji huu.

Waoneshe watoto jambo moja zaidi. Mnara wa kumbukumbu umesimama mbali na maji kwa mamia ya mita, na watoto watauliza kwa nini msafiri wa mitumbwi akutwe nchi kavu. Wakati ule maji yalikuwa juu sana, kwa kuwa mto Lukuga, ambao ndio pekee unaoyatoa maji ya ziwa hili kuelekea Kongo, ulikuwa umeziba kwa matope na mimea. Yapata mwaka 1878 kizuizi kikabomoka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita kumi, likauacha ufuko wa zamani nyuma. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuwasumbua watu wa mwambao, kuanzia hapa hadi Bujumbura.

Mwongoza Wageni

Ninaomba nimjibu ndugu yetu kuhusu Gombe, ingawa nakubaliana na mwenzangu aliyetangulia kwamba mji wenyewe hutendewa kana kwamba ni kituo cha kusubiria boti tu.

Gombe iko umbali wa chini ya kilomita 25 kaskazini mwa Kigoma na haina barabara, kwa hiyo hufikiwa kwa maji pekee. Boti za abiria huondoka Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji, mchana zikielekea vijiji vya kaskazini na kurudi alfajiri, jambo linalomaanisha kwamba anayezitumia hana budi kulala hifadhini. Boti ya kukodi ni ghali zaidi, lakini inawezesha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ni afadhali kuichangia na wageni wengine. Hakikisheni kwamba kila abiria amevaa jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka, na msione haya kukataa safari ikiwa halipo.

Ardhi ya hifadhi inapanda kwa ukali kutoka ufukweni hadi ukingo wa Bonde la Ufa, tofauti ya zaidi ya mita 700, na sokwemtu hawafuati njia za watu. Mama yako asiende msituni. Kuhusu watoto, kuna kikomo cha umri kwa wanaowafuata sokwemtu, na hakijawekwa kwa sababu ya miguu yao peke yake. Sokwemtu huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaua na kuwalemaza baadhi yao hapo Gombe, na mafua ya kawaida ya mtoto yanaweza kuwa msiba kwa kundi zima. Wasilianeni na ofisi ya hifadhi mapema, mtaje umri wa kila mtoto, na mtu yeyote mwenye kikohozi abaki nyumbani bila kubishana. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona wazazi wakificha mafua ya watoto wao ili wasipoteze fedha waliyokwisha kulipa.

Kwa wale watakaokwenda, ni vizuri wajue wanakanyaga wapi. Jane Goodall aliteremka ufukweni hapo Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26 na bila shahada ya chuo kikuu, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemwona sokwemtu aliyempa jina la David Greybeard akichokoa mchwa kwa kijiti. Hadi wakati huo wanasayansi walishikilia kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Goodall alifariki dunia Oktoba 2025, lakini utafiti aliouanzisha unaendelea, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za kila siku imeandikwa na vijana wa vijiji vya jirani, ambao majina yao mgeni hasikii mpaka aulize. Tafadhali mwulize mwongozaji wenu.

Mahale sikushaurini kwa safari hii. Ni hifadhi yenye fahari, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 1,600 na kilele cha Nkungwe kinachofikia mita 2,462, lakini iko mbali sana kusini na ingewala siku zenu zote.

Binti wa Katonga

Ndugu zangu mmeeleza vizuri, ila naona ziwa lenyewe limeachwa kando, na ziwa ndilo mama anatamani kuliona. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na lina mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine kokote. Ili kuwaona wale wadogo wenye rangi hakuhitajiki chombo cha kuzamia. Katika ufuko wa Jakobsen, kusini-magharibi mwa mji, maji ni maangavu kiasi kwamba mtoto mwenye miwani ya kuogelea huwaona wakizunguka mawe, kila dume akilinda jiwe lake. Mama anaweza kukaa kivulini akiwatazama. Ulizeni wenyeji kabla ya kuingia majini mahali popote pengine, kwa kuwa sehemu zenye matete na maji yaliyotuama huwa na kichocho, na mamba nao hawajatoweka.

Kisha njooni kijijini kwetu Katonga jioni. Wavuvi huandaa vipe vyao, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na kubeba wavu katikati, na giza linapoingia huwasha taa ili dagaa wapande juu kuufuata mwanga. Kutoka ufukweni huonekana mstari wa taa hadi upeo wa macho, kana kwamba kuna mji mwingine juu ya maji. Asubuhi dagaa huanikwa, na anayetaka kula chakula cha kwetu apate samaki aitwaye mgebuka kwa ugali wa muhogo na mboga iliyoungwa kwa mawese. Kuhe ni mtamu zaidi, lakini hapatikani kila siku.

Hata hivyo, kuna jambo linalohusu tarehe zenu, nanyi mlizingatie. Mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mimi naliunga mkono zoezi hilo kwa moyo wote, ingawa ni miezi migumu kwa nyumba zetu, kwa sababu baba zetu walikuwa wakirudi na samaki wachache kila mwaka unaopita. Mkija mwezi wa sita wakati ziwa limepumzishwa, taa hamtaziona na samaki wabichi watakuwa adimu.

Msafiri wa Dodoma

Nawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Nilimsomea mama majibu yenu, na nilipofika kwenye habari ya taa alisema kwamba hilo ndilo analolikumbuka kuliko yote, na kwamba haendi ikiwa hazitakuwepo. Je, tukiahirisha hadi likizo fupi ya mwezi wa tisa, tutapoteza nini? Pia, tunafikiria kuja kwa treni, kwa kuwa ndiyo iliyomchukua mama alipoondoka.

Mwongoza Wageni

Hamtapoteza kitu. Mwezi wa tisa bado ni kiangazi, njia za Gombe huwa kavu, na msitu si mnene kama baada ya mvua. Upepo wa kusini-mashariki huweza kuwa mkali, hasa mchana, kwa hiyo atakayekwenda Gombe aondoke alfajiri. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi: siku za mbalamwezi dagaa hawaufuati mwanga wa taa na wavuvi wengi hupumzika, hivyo chagueni siku za giza.

Treni ni wazo zuri, mradi mkate behewa la kulala kwa ajili ya mama. Itapita Uvinza, ambako chumvi imekuwa ikipikwa kutokana na chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, chumvi ile ile iliyouzwa katika soko la Ujiji. Mtashukia katika stesheni iliyojengwa na Wajerumani, ambao reli yao ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo waliipakia meli nzima ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, wakaiunganisha hapa na kuiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe Julai 1916 walipoona vita inawashinda. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Imekuwa katika matengenezo makubwa, kwa hiyo msipange safari kwa kuitegemea, lakini ulizeni bandarini kama mnaweza kuiona.

Mkazi wa Ujiji

Ninaongeza pendekezo dogo tu kuhusu mpangilio. Siku ya kwanza mpumzike kwa uchovu wa treni, ya pili iwe ya Ujiji, na ya tatu wale wenye nguvu waende Gombe huku mama akibaki na watoto Jakobsen. Katonga iwekeni siku ya nne, si ya mwisho, ili mawimbi yakiwazuia wavuvi jioni hiyo mama abakiwe na jioni nyingine. Ukipenda, niandikie faraghani jina la mtaa aliozaliwa, nikawaulize wazee kabla hamjafika.