Madodoso ya pweza yananitia shaka: taarifa niipeleke kwa nani?

Mwanafunzi, Chumbageni
Ndugu wadau, ninasoma shahada ya uzamili, na nimepewa kazi ya muda ya kusafisha data za utafiti kuhusu kipato cha wanawake wanaochokoa pweza Tongoni na vijiji vya jirani, hapa Tanga. Madodoso yote ya mdadisi mmoja yanaonyesha kwamba kila mama alipata kilo tatu au nne kila siku, mwezi mzima, zikiwemo siku za maji mafu, ambapo miamba haikauki vya kutosha na wachokoaji hubaki nyumbani wakisubiri bamvua, maji yanapokupwa sana. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu kwa ujumbe kwamba niendelee tu, kwa kuwa wafadhili wanasubiri ripoti. Yeye ndiye pia anayesimamia tasnifu yangu. Nimwandikie nani?

Bi. Mabawa
Mwanangu, kwanza usifute wala usirekebishe tarakimu hata moja. Mwombe mtunza data ahifadhi nakala ghafi ndani ya mfumo wa mradi, nawe utunze ujumbe wa msimamizi. Majina ya akina mama hao usiyahamishie kwenye simu yako, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana na wewe pia. Kisha iandikie kamati ya maadili iliyotoa kibali cha utafiti huo, na nakala uipeleke kurugenzi ya utafiti ya chuo.

Mstaafu wa Sahare
Naafiki, ila katika barua hiyo usimwite mtu mwizi. Inawezekana mdadisi aliuliza, «Kwa kawaida unapata kilo ngapi?», akaujaza wastani huo siku zote. Huo ni uzembe, na kosa la kweli lisilo na nia ya kudanganya halihesabiwi pamoja na kughushi, kuchakachua data au wizi wa maandishi. Kama walitumia vishikwambi, programu nyingi hurekodi saa ya kuanza na ya kumaliza mahojiano. Dodoso la nusu saa lililojazwa kwa dakika nne litajieleza lenyewe. Kuyapima hayo ni kazi ya kamati. Wewe eleza ulichokiona, katika faili gani na tarehe ipi, pamoja na jibu ulilopewa.

Mwanafunzi, Chumbageni
Shikamoo mzee, nashukuru. Hofu yangu ni tasnifu. Wanafunzi wangapi wamewahi kumshinda mkubwa wao?

Mstaafu wa Sahare
Marahaba. Kule Uholanzi, mwaka 2011, watafiti vijana wa Chuo Kikuu cha Tilburg walimshtukia Diederik Stapel, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa kitivo chao. Walikusanya ushahidi kimyakimya, wakaufikisha kwa mkuu wa idara, naye akaupeleka kwa mkuu wa chuo. Uchunguzi ulithibitisha udanganyifu katika machapisho 55. Hawakwenda kumkabili wenyewe, na hapo ndipo wengi huharibu.

Bi. Mabawa
Hapa kwetu ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Ukianza kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, usitegemee kinga hiyo. Kuhusu tasnifu, iandikie kurugenzi ya masomo ya uzamili barua ya pekee, ukiomba msimamizi mwingine kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Barua hizo mbili usizichanganye, wala ya kwanza isisubiri majibu ya ya pili.