Steshenari za Mtwara, kama kuprinti kwenye tresingi hamuwezi SEMENI hamuwezi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikichanganya mambo mtanivumilia. Mods, msiuhamishie uzi huu kule kwenye mambo ya harusi. Hapa tunazungumzia watu kuchukua hela za kazi wasiyoijua.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, hapa Mtwara mjini. Hela za korosho zikianza kuingia, huku kwetu kila wikiendi kuna shughuli, na kadi yako ikichelewa unakuta watu wameshaahidi michango kwingine. Bibi harusi akachagua kadi anayoitaka: chini karatasi ngumu yenye picha yao wawili, juu inafunikwa na tresingi, ile karatasi nusu angavu wanayochorea ramani za nyumba. Maneno ya mwaliko yanakaa kwenye tresingi, picha inaonekana kwa nyuma kwa mbali. Kizuri, sibishi.

Tukaingia steshenari moja, jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua. Wakatoa sampuli kwenye droo: karatasi imenyooka, maandishi ya dhahabu yanang'aa, utepe umefungwa vizuri. "Hii kazi yetu kaka, tunaitoa hapa hapa." Elfu nne kwa kadi, karatasi juu yao. Tukatanguliza nusu. Risiti nikaandikiwa kwa mkono, nilipouliza ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine iko kwa fundi.

Sasa sikieni kilichotoka.

Awamu ya kwanza waliprinti kwa printa ya wino wa maji, hii ya matangi ya pembeni. Unashika kadi, jina la bwana harusi linabaki kwenye dole gumba. Kijana anasema itakauka tu, tuwashe feni. Wakazipanga zikiwa mbichi, moja juu ya nyingine, kesho yake kila kadi ina maandishi ya mwenzake mgongoni. Nikalalamika, wakahamia printa ya leza. Hapo zikatoka zimejikunja, nyingine zimekwama ndani ya mashine zikaungua pembeni, na zile zilizopona ukizikunja tona, yaani wino wa unga wa leza, inabanduka kwenye mkunjo, inaanguka vumbi. Dhahabu je? Ilitoka rangi ya binzari. Nauliza mbona sampuli ilikuwa inang'aa, ananijibu "inategemea na mwanga".

Inategemea na mwanga!

Nikasema hapana, hapa kuna mtu ananifanya mjinga. Kuna kijana anachapa fulana kwa skrini, ule wavu wa kupitishia rangi, kule sokoni, nikamfuata. Watu wa skrini wanaijua tresingi kuliko hao wenye viyoyozi, kwa sababu ndiyo filamu yao: wanaprinti mchoro mweusi kwenye tresingi kwa leza, wengine wanaipaka mafuta kidogo ipitishe mwanga zaidi, ndipo wanachoma skrini, yaani wanaimulika mchoro uhamie kwenye wavu. Akaiangalia kadi yangu akacheka. Halafu akanieleza, na mengine nikaenda kuyasoma mwenyewe nikakuta ni kweli tupu.

Karatasi ya kawaida ni nyeupe kwa sababu katikati ya nyuzi zake kuna hewa, mwanga ukiingia unagonga huku na huku unarudi. Tresingi halisi, rojo lake la nyuzi linasagwa na kupondwa muda mrefu mpaka nyuzi zinashikana, hewa karibu yote inatoka, mwanga unapita. Sasa kama hakuna nafasi ya hewa, wino utazama wapi? Unabaki juu juu, unasubiri maji yake yapae hewani. Kwa hiyo wino wa maji kwenye tresingi ya kawaida utachafua tu, hata ukiweka feni tano. Kuna tresingi zilizopakwa dawa maalumu kwa ajili ya wino huo, lakini inabidi uagize hiyo hasa, usichukue ya wachora ramani. Hata viwanda vya ofseti, wale wa mashine kubwa za uchapaji, vinatumia wino unaokauka kwa hewa, wanapanga marundo madogo na kuyaacha muda mrefu kabla ya kuyagusa. Mtu mzima mwenye duka la uchapaji hajui hili?

Na suala la kujikunja. Karatasi hii inavuta unyevu wa hewani kuliko karatasi ya kawaida, na inatanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine kufuatana na nyuzi zilivyolala. Ukiipitisha kwenye leza, sehemu inayoyeyushia tona ina joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, unyevu unatolewa ghafla, karatasi inapinda. Jamaa wamefungua rimu wameiacha wazi kwenye shelfu la mlangoni, upepo wa bahari unaipiga kutwa. Halafu wananiambia "hali ya hewa ya Mtwara hairuhusu". Hali ya hewa ya Mtwara iliwafungulia rimu? Karatasi inakaa ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya kuprinti, inayobaki inafungwa tena. Printa unaiambia ni karatasi nzito, ipitishe taratibu tona ishike. Unalisha moja moja kwa trei ya mkono, unafungua mlango wa nyuma itoke imenyooka bila kuzungushwa, kisha unailaza chini ya kitu kizito mpaka ipoe. Kijana wa fulana alinifanyia moja mbele yangu kwenye leza ya jirani yake. Ikatoka safi. Bei yake? Soda.

Angalizo dogo kwa wenye printa zao: madukani kuna plastiki inayofanana sana na tresingi. Chana kona kwanza. Karatasi itachanika, plastiki nyingi zitavutika. Plastiki isiyotengenezwa kwa leza ukiiingiza kwenye lile joto itayeyukia ndani na mashine ndiyo basi tena.

Dhahabu nayo: printa ya rangi nne haina dhahabu wala nyeupe. Dhahabu ile ya sampuli ni foili, ile ngozi nyembamba ya kung'aa: unaprinti maandishi kwa tona, unaweka foili juu, unapitisha kwenye mashine ya joto, inashika penye tona tu. Na kwa kuwa nyeupe haipo na karatasi yenyewe inapitisha mwanga, rangi zote zinapauka, na kilicho chini kinapigana na kilicho juu. Maneno "mnakaribishwa nyote" yameangukia juu ya suti nyeusi ya bwana harusi, hayasomeki kabisa. Aliyepanga picha na maandishi ni wao, kwenye kompyuta yao, na hakuna aliyefungua mdomo.

Umaliziaji ndio ulinitoa machozi. Walibandika tresingi kwa gundi nyeupe ya maji. Gundi ya maji kwenye karatasi inayokunywa unyevu! Imefanya mawimbi, na kila tone la gundi linaonekana kutoka mbele, maana karatasi ni angavu jamani, ndiyo maana tuliinunua. Hii haibandikwi hivyo. Unatoboa matundu mawili ufunge utepe, au unaweka kipande chembamba cha selotepu ya pande mbili pale utepe utakapofunika. Mkunjo unapigiwa mstari kwanza kufuata nyuzi, na bado utaacha alama nyeupe, mteja aambiwe mapema. Kisu chao butu kimeacha kingo zenye nyufa. Halafu mwenye duka, kwa ujasiri kabisa, akapendekeza tuzilamineti "zinyooke". Alilamineti moja ya mfano, ikatoka na mapovu. Nimegomea nyingine.

Hela sasa. Wanasema mzigo ukishachapwa haurudishwi. Nimewaambia walituuzia kwa sampuli, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka mzigo ufanane na sampuli. Kusema "kazi yetu" juu ya kadi ambayo, kijana wao mwenyewe alinitobolea siri, ilitoka Kariakoo, Dar, ni udanganyifu ambao Sheria ya Ushindani ya 2003 imeukataza. Wakanijibu "peleka unakotaka".

NYONGEZA: Naona mmeanza "ungeenda tu Dar". Hiyo kauli ndiyo inayowalea hawa watu. Dar ni zaidi ya kilometa 550 kutoka hapa. Kila kitu Dar, kadi Dar, bango Dar, mpaka lini? Karatasi ipo hapa, leza zipo hapa, utepe upo sokoni. Kinachokosekana ni mtu kuprinti karatasi moja ya majaribio, akamwonyesha mteja kabla ya kuchukua elfu nne zake mara kadi mia mbili.

Na wewe unayesema nawaharibia vijana biashara: kijana wa fulana naye anafanya biashara, mbona hakunidanganya?

Kesho asubuhi narudi dukani na sampuli yao, ninayo mkononi, sikuirudisha. Wakikataa tena nawaandikia barua ya madai na nakala naipeleka kwa afisa biashara. Wakati huo huo kadi zinahitajika. Anayejua sehemu hapa mjini, Mikindani, Masasi au hata Lindi yenye leza inayofunguka nyuma na kisu kikali, anifuate inboksi. Tresingi nitanunua mwenyewe na nitaileta ikiwa kwenye mfuko wake.