Bosi anaamini anayefanyia kazi nyumbani analala tu, nimwingieje?

Wakuu, naomba ushauri. Nasimamia dawati la madai kwenye kampuni ya bima, ofisi ipo Posta, katikati ya Dar. Vijana wangu wengi wanatoka Mbagala na Chanika. Mtu anaamka saa kumi alfajiri kugombania daladala, akifika mezani hoi. Wawili wazuri wameshaacha kazi, na mmoja ananyonyesha, namwona anavyohangaika. Niliomba wafanyie nyumbani siku mbili kwa wiki, mkurugenzi akasema watalala tu. Nimwambie nini? Sitaki kuwapoteza hawa waliobaki.

Mchumi wa Kitaa: Mkuu, mpelekee ya Trip.com, kampuni ya usafiri ya China. Nicholas Bloom, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliwagawa wafanyakazi zaidi ya 1,600: kundi moja ofisini siku zote tano, jingine nyumbani siku mbili. Matokeo yalitoka 2024. Waliokuwa wakiacha kazi walipungua kwa theluthi moja na utendaji haukushuka. Mameneja wao walianza na hofu hiyohiyo ya bosi wako, mwisho wakageuka. Usimwambie watu wamechoka. Mwambie kumfundisha mtu mpya kunamgharimu kiasi gani.

Mama Wawili: Nyumbani siku mbili sawa, zote hapana. Mimi nilikuwa nyumbani wiki nzima, nafasi ya usimamizi ikatoka hata sikusikia. Halafu kuna anayeishi chumba kimoja na watoto, umeme ukikatika ndiyo basi. Waacheni wachague, ila muwe na siku ya kukutana wote.

Afisa Utumishi: Huyo anayenyonyesha asisubiri huruma ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Wengine, omba majaribio ya miezi mitatu kwa dawati lako peke yake. Hesabu madai yanayofungwa na siku anazosubiri mteja, anza kuhesabu sasa hivi ili uwe na cha kulinganisha. Bosi anayepima kazi kwa kuona vichwa mezani hajui hata hao waliopo wanafanya nini.

Mleta uzi: Nashukuru sana, naanza kuhesabu kesho. Bando huko kwenu analipa nani?

Afisa Utumishi: Ofisi. Liandikwe kwenye makubaliano kabla hamjaanza.